Akitoka jela, anarudi kwenye nini?

Nikienda mtaani kuandaa ripoti ya mtu aliyetiwa hatiani, swali huwa lile lile: "Kwa hiyo mnamwachia?" Kule Bahi aliniuliza mzee aliyeibiwa magunia mawili ya alizeti. Alizeti ile ndiyo ilikuwa ada ya wajukuu zake, na mwizi ni kijana wa jirani anayempa shikamoo kila asubuhi. Uchungu wake ni wa haki. Nilimweleza kwamba mahakama inaweza pia kuamuru alipwe fidia, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mimi ni afisa probesheni, ninayeisaidia mahakama kuamua kama mtu atumikie adhabu nje ya jela. Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mtu atumikie adhabu nje, pale hakimu anapoona kifungo kinachomstahili hakizidi miaka mitatu. Anafyeka uwanja wa zahanati au anafagia shule bila malipo, kisha anarudi kwenye shughuli zake. Ndicho watu wanachokiita kifungo cha nje.

Kitu cha kwanza ninachokiuliza ni kibarua: huyu mtu alikuwa na kazi? Nina sababu. Norway, kesi hugawiwa mahakimu kama kwa bahati nasibu, na mahakimu wengine ni wakali, wengine wapole. Wachumi wakatumia nafasi hiyo kulinganisha watu wa makosa yanayofanana, waliofungwa na wasiofungwa. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba kifungo kilipunguza kurudia makosa kwa pointi za asilimia 29 ndani ya miaka mitano. Anayeipenda jela asishangilie bado. Nafuu hiyo ilitoka kwa wale ambao hawakuwa na kazi kabla ya kufungwa. Walipata mafunzo, wakatoka wakaajiriwa. Waliokuwa na kazi waliipoteza, na uhalifu wao haukupungua.

Tusiseme basi hayo ni ya Ulaya. Monrovia, Liberia, watafiti walishughulika na vijana 999 wa mitaani, wengi wao wezi na wauza dawa za kulevya. Kura iliwagawa: wengine walipewa wiki nane za mafunzo ya kuzuia hasira na kubadili mwenendo, wengine dola 200, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Miaka kumi baadaye, waliopata vyote viwili walikuwa wamepunguza uhalifu na ukorofi kwa karibu nusu. Pesa peke yake haikufua dafu. Mafunzo peke yake yalisaidia, lakini nguvu yake ilififia.

Vitisho navyo? Marekani walijaribu kuwatembeza watoto watukutu magerezani ili waogope. Wakaishia kufanya makosa zaidi.

Mvamizi wa mapanga lazima afungwe, majirani zake walale. Hilo silibishii kabisa. Ila naye ipo siku atatoka, na hapo ndipo tunapoharibu. Anajifunza useremala gerezani, anatoka hana hata randa, na hakuna fundi mtaani anayemwamini. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na kati ya hizo 10, 4 ni za vijana. Mkopo huo unataka kikundi, na kikundi kinataka watu wanaokubali kukaa naye. Maafisa maendeleo ya jamii, anzeni kukutana na hawa watu wakiwa bado ndani, miezi kadhaa kabla hawajatoka.