Ukikuta mfupa wa mjusi Tendaguru, uache ulipo

Kila unapofika msimu wa kuandaa mashamba, simu zinazoingia ofisini kwetu kutoka vijiji vinavyozunguka kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, huongezeka. Wanaopiga wana nia njema na tunawashukuru. Lakini wengi huanza hivi: "Nimeshauchimba, nimeuweka ndani." Kwa mtaalamu wa miamba, hapo hasara imeshatokea.

Miamba ya Tendaguru imepangana kwa zamu. Kuna tabaka tatu za udongo na tope lililoganda, ambamo mifupa ya dinosaria, hao tunaowaita mijusi wa Tendaguru, imejaa. Juu ya kila moja limelala tabaka la mchanga lenye kombe na konokono wa baharini. Zamu hizo ni habari ya bahari iliyosogea nchi kavu, ikarudi nyuma, ikasogea tena, kwa muda mrefu mno, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Kwa hiyo kombe mnazozitupa pembeni mkitafuta mfupa ni visukuku pia, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na mara nyingi ndizo zinazotuambia tumesimama kwenye tabaka lipi.

Tabaka lina umuhimu gani? Chukua Dicraeosaurus, mjusi mwenye miiba mirefu mgongoni. Tabaka la kati limetoa spishi moja, la juu limetoa nyingine. Mfupa wake ukifika mezani kwangu ndani ya kiroba, bila mtu kujua ulitoka kimo gani cha korongo, sehemu kubwa ya habari yake imebaki shimoni.

Waliochimba hapa kuanzia 1909 hadi 1913 walilijua hilo. Msafara wa Berlin uliongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kazi ilifanywa na mamia ya watu wa kusini. Kila shimo lilipewa herufi zake. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Yule mjusi (Giraffatitan) aliyeko makumbusho ya Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliyesimamishwa mwaka 1937, hadi leo wataalamu humwita S II, kwa sababu alitoka shimo S. (Swali la kurudishwa kwake tunaulizwa kila siku. Si la ofisi hii kulijibu.)

Sasa niseme wazi, maana tumerudia mno. Hakuna mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mifupa hii. Mfupa hauna dhahabu wala zebaki. Anayekuahidi mnunuzi mjini anakutia matatani.

Utaratibu ni huu. Jembe likigonga mfupa, simamisha kazi hapo hapo. Usiuvute, usiuoshe, usiuvunje kuona ndani. Weka jembe kando yake liwe kipimo, upige picha, kisha upige nyingine kwa mbali ili ukuta wa shimo na rangi za udongo zionekane. Ufunike kwa udongo uleule, chomeka kijiti, halafu mwarifu mtendaji wa kijiji. Yeye atamwarifu afisa utamaduni wa wilaya, naye atawasiliana na Idara ya Mambo ya Kale. Usiruke ngazi kwa kumwita mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa mtafiti. Mtafiti halali ana kibali, na una haki ya kuomba kukiona.

Sheria ya Mambo ya Kale Namba 10 ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inahusu pia mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Kuchimba kwa kuyatafuta bila leseni ni kosa. Kuyauza bila leseni ni kosa. Kuyatoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Kuwa shamba ni lako hakukupi leseni, na kusema hukujua hakufuti kosa. Kulima shamba lako si kosa, na anayetoa taarifa hafanyi kosa, anatimiza sheria.

Aliyekwisha kuweka mfupa nyumbani asiurudishe shimoni kwa hofu, maana ukirudi mahali pasipo pake utatupotosha zaidi. Auweke pakavu, aandike kwenye karatasi aliutoa wapi na kwa kina gani, kisha aende kwa mtendaji wiki hii.