MaikroRNA na seli zenye silia katika njia ya hewa ya panya: dhana potofu na ukweli

"Ukifuta jeni fulani na panya akabaki mzima, jeni hiyo haina kazi." Hoja hii inasikika vizuri, lakini kwa maikroRNA za njia ya hewa (vipande vifupi vya RNA vinavyopunguza utengenezaji wa protini) imepotosha watu wengi.

Seli zenye silia, yaani vinyweleo vidogo mno vinavyopigapiga, husukuma kamasi na vumbi kutoka mapafuni kuelekea kooni. Ndani yake hutengenezwa kwa wingi ukoo wa maikroRNA uitwao miR-34/449: ndugu sita, kutoka sehemu tatu tofauti za jenomu (DNA yote ya kiumbe). Ikifutwa sehemu moja tu, panya haonyeshi hitilafu kubwa, kwa sababu ndugu waliobaki wanaziba pengo. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kufuta sehemu zote tatu. Vifo vilitokea baada ya kuzaliwa, walioishi walikuwa tasa, na kamasi haikusafishwa ipasavyo kwenye njia ya hewa. Silia zao zilikuwa chache na fupi.

Chanzo chake kinafaa kutazamwa kwa karibu. Kila silia huota juu ya sentrioli, kiungo kidogo cha ndani ya seli, ambacho lazima kwanza kipande hadi kwenye utando wa juu wa seli na kutia nanga hapo. Protini ya CP110 huzuia silia kuota, ikikaa kama kifuniko kwenye ncha ya sentrioli. Ukoo wa miR-34/449 huipunguza protini hiyo. Ukoo ukikosekana, CP110 huzidi, sentrioli nyingi hazifiki juu, na silia haziwezi kuota.

Wapo pia wanaodhani maikroRNA huwasha na kuzima jeni. Hapana: haigusi DNA. Ni kipande cha nyukleotidi 22 hivi, kinachojibandika kwenye RNA mjumbe (nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) ili protini itengenezwe kidogo.

Kosa jingine, na hili naliona zito, ni kusaga pafu zima, kupima maikroRNA, kisha kudai kwamba hicho ndicho kiwango cha seli zenye silia. Pafu lina mishipa ya damu, misuli, seli za kinga na seli zinazotoa ute. Kipimo kikipanda, huenda ni idadi ya seli zenye silia iliyoongezeka, si utengenezaji ndani ya kila seli. Ndiyo maana hutumika panya ambao seli zao zenye jeni ya Foxj1 iliyo hai, yaani seli zenye silia, hung'aa kijani, zikachambuliwa peke yake. Njia nyingine ni kukuza seli huku uso wake wa juu ukiwa hewani: miR-449 huanza ikiwa kidogo, kisha hupanda sana silia zinapoundwa.

"Basi hayo ni ya panya tu." Mwaka 2011 ilishaonyeshwa, katika seli za njia ya hewa ya binadamu na ngozi ya kiinitete cha chura, kwamba miR-449 hupunguza Notch1, protini inayozuia seli kuwa na silia, na mshirika wake DLL1 ili seli ianze kutengeneza silia. Tofauti zipo, kwa mfano seli za msingi za panya (zinazozaa seli nyingine za njia ya hewa) hukaa zaidi kwenye bomba kuu la hewa, ilhali kwa binadamu hufika hadi mirija midogo. Kazi ya ukoo huu, hata hivyo, ni ya wote watatu.