Picha ya 3D ya nyumba sio urembo, ila pia sio nyumba

Mi nachora ramani za nyumba na picha zake za 3D (zile za kompyuta zinazoonyesha nyumba kama imeshajengwa) hapa Dodoma na haipiti wiki sijakutana na mtu ana kiwanja Iyumbu au Nala anakuambia "ramani ya karatasi naielewa vizuri, hizo picha za 3D ni za matajiri, hela iende kwenye msingi." Haya. Nikimuuliza kwenye chumba cha wageni futi kumi kwa kumi kitanda kitakaaje, kimya. Kitanda cha sita kwa sita kimekula futi sita, kabati mbili, umebaki na futi mbili za kupita na mlango hata haujafunguka. Kwenye karatasi hilo halionekani, lakini nikiviingiza kwenye kompyuta mteja anashtuka mwenyewe. Na kusogeza ukuta kwenye programu ni dakika chache tu, ukuta ulioshafika lenta waulize waliowahi kubomoa. Kuhusu utajiri, Blender, programu ya kuchorea hizi picha, ni ya bure kabisa, unachomlipa mchoraji ni muda wake.

Wengine ndo wanaamini kupita kiasi, eti itakavyoonekana kwenye picha ndivyo nyumba itakavyokuwa. Jamani! Kamera ya kompyuta ukiipa lenzi pana, au ukiitoa nje ya ukuta (inawezekana, ukuta unafichwa tu), sebule ya mita nne inageuka ukumbi wa harusi. Mwambie mchoraji kamera ikae ndani ya chumba, usawa wa macho, kama mita 1.6 hivi kutoka sakafuni. Halafu zile nyasi za kijani na minazi, sijui huwa tunachorea Tanga, huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ukuta mweupe pee subiri vumbi la kiangazi ndo utajua rangi yake halisi.

Na kuna hili la jua, watu wanadhani kivuli kwenye picha ni pambo. Programu inapiga hesabu ya jua kwa eneo, tarehe na saa, ila haijui uko Dodoma mpaka uiambie. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni saa sita mchana jua liko kaskazini, Desemba limeegemea kusini kidogo. Mchoraji akisahau akaiacha kwenye eneo la Marekani basi jua la mchana litakaa kusini mwaka mzima na baraza lako la kivuli litajengwa upande wa kuungua. Mi huwa naomba picha ya saa kumi jioni, dirisha la masta likiwa magharibi utaona balaa.

Fundi kujenga kwa kuangalia picha kwenye simu? Hapana. Picha haina nondo, haijui udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi muulize mhandisi.

Juzi mama mmoja wa Nzuguni nilimzungusha jikoni kwenye skrini, makabati yanang'aa, nikasubiri sifa. Akaangalia weee, akasema "mwanangu, mtungi wa gesi unakaa wapi? Na jiko la mkaa siku gesi ikiisha?" Ikabidi nirudi kwenye kompyuta.