Baba AS, mama AS: mtoto atakuwaje?

Selimundu huanzia kwenye herufi moja. Jeni ya HBB, iliyoko kwenye kromosomu namba 11, ina maelekezo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Maelekezo hayo huandikwa kwa herufi nne za kikemikali, A, T, G na C; mahali panapopaswa kusomeka GAG pakisomeka GTG, hutengenezwa himoglobini S. Hii ikishaachia oksijeni hunatana na kuwa nyuzi ngumu. Chembe hupinda kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo na kuleta maumivu makali, kisha hufa ndani ya siku 10 hadi 20 badala ya 120. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu kila mara.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida huitwa A, yenye kosa huitwa S. Mwenye SS anaugua. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, tena utotoni hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu S imeenea sana kwenye maeneo yenye mbu wengi, kama Kanda ya Ziwa. (AS hii haihusiani na makundi ya damu A, B na O. Wapo wanaoonyesha kadi ya kundi la damu wakidhani wameshapima.)

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa SS, 50 wa AS na 25 wa AA. Kila mimba! Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakuwakingi watatu wanaofuata. Ni kama kurusha shilingi upya. Wala lawama haimwangukii mama peke yake, kwa kuwa mtoto wa SS amepokea S kutoka pande zote mbili.

Kuhusu kipimo, uliza umepimwa kwa njia gani. Kile cha haraka huchanganya tone la damu na dawa ndani ya tyubu. S ikiwepo, mchanganyiko hufanya ukungu na mistari iliyochorwa nyuma yake haionekani. Lakini AS na SS wote hufanya ukungu. Kinachowatofautisha ni kipimo cha kutenganisha himoglobini kwa umeme. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3 hadi 4, la sivyo itasomwa pia damu ya aliyemchangia. Na mtoto wa chini ya miezi 6 asipimwe kwa kile cha haraka: bado amejaa himoglobini ya tumboni, na jibu linaweza kuonyesha hana S ilhali anayo.