Darizi ya jamii ni nini?

Darizi ya jamii ni kazi moja kubwa ya sindano na uzi inayoshonwa na watu wengi wa mahali pamoja, ili kusimulia jambo lililo lao wote. Jambo hilo likiwa sanaa ya mji, kinachotariziwa ni majengo yake, wachoraji wake, kumbi zake za muziki, hata ile michoro ya ukutani iliyokwisha kupakwa chokaa juu.

Kazi hii hugawika kirahisi. Anayefuma picha kwenye kitanda cha mfumi hawezi kuhama nayo, maana kitambaa na picha huzaliwa pamoja. Katika darizi kitambaa kipo tayari: hukatwa vipande, kila kundi likaenda na chake nyumbani, mwisho vyote vikaunganishwa. Ndivyo ilivyofanyika Scotland. Msanii Andrew Crummy alichora, watu wapatao 1,000 wakatarizi vipande 160 vya historia ya nchi yao, na kazi ikaoneshwa mara ya kwanza mwaka 2013. Tangu 2021 ina jumba lake katika mji wa Galashiels.

Je, wingi wa mikono watosha kuifanya iwe ya jamii? Mimi naona hautoshi. Mchoraji akiamua kila kitu, hadi aina ya mshono na rangi ya uzi, waliobaki ni vibarua tu, tena wasiolipwa. La kuuliza ni nani amechagua kipi kiingie na kipi kiachwe, na mshonaji ameachiwa nafasi gani ya kutia chake.

Chukua Glasgow, mji wa huko huko Scotland ambao sindano yenyewe ni sehemu ya urithi wake wa sanaa. Mwaka 1894 Jessie Newbery alianza kufundisha darizi katika Glasgow School of Art, chuo cha sanaa cha mji huo, na hakuona aibu kutumia vitambaa vya bei nafuu na mishono mepesi. Waridi linalohusishwa na mji huo halihitaji ufundi wa miaka: unakata kipande cha kitani chenye umbo la kukaribia duara, unakibandika juu ya kitambaa kwa mshono uliosongamana pembezoni, kisha unapitisha mistari michache ya uzi katikati, na petali zimeshaonekana. Wape watu kumi waridi hilo hilo, utapata mawaridi kumi tofauti. Mmoja huvuta uzi mpaka kitambaa kinakunjamana, mwingine huulegeza ukaning'inia. Wasimamizi wengine hufumua na kurudia ili kazi ilingane. Kukunjamana ni sawa kurekebishwa, kwani vipande visipolala vizuri havitaungana. Lakini mkono wa mtu ukifutwa kabisa, heri kazi ingepelekwa kwa mashine.

Wengi hudhani pia kwamba kazi ya namna hii lazima iwe ya kujitolea. Sivyo. Huko Hamburg, Eastern Cape, Afrika Kusini, mradi wa Keiskamma ulianzishwa ili wanawake wa kijiji wapate kipato, na darizi yao ya historia yenye urefu wa mita 120 ikatundikwa katika Bunge mjini Cape Town. Ujira haukuipunguzia chochote: historia iliyomo ni ya kwao, na mishono ni yao.