Je, wajua? Pumba za mahindi hugeukaje mafuta mwilini?

Ukifika asubuhi kwenye mashine ya kusaga pale Birere, mjini Goma, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Mama, tukoboe?" Wengi huitikia ndiyo. Mahindi yanapitishwa kwenye mashine ya kukoboa, punje zinatoka nyeupe, ndipo zinasagwa. Pumba zinabaki kwenye gunia pembeni, na mchana haujafika mwenye nguruwe ameshakuja kuzibeba. Unga ni mweupe, fufu ni laini, na mgeni hatanuna mezani.

Lakini gunia lile linaondoka na mafuta ya aina mbili: yaliyokwisha kutengenezwa na mmea wenyewe, na yale ambayo tumbo lako lingeyatengeneza kama lingepewa nafasi.

Yaliyo tayari hayana fumbo. Punje ya mahindi ina ganda, kiinitete ambacho ndicho huchipua, na wanga unaojaza sehemu iliyobaki. Sehemu hiyo ya wanga ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa punje. Kiinitete hakizidi sana asilimia 10, ila ndicho kilichobeba zaidi ya robo tatu ya mafuta yote. Ganda likikobolewa, kiinitete nacho hung'oka, na mafuta yanakwenda nacho.

Aina ya pili ndiyo inayoshangaza. Ganda la nafaka limejaa nyuzinyuzi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuguswa, mpaka zifike utumbo mpana. Huko wanaishi bakteria kwa matrilioni, na hewa ya oksijeni haipo. Kazi inayofanyika humo ni ileile inayofanyika kwenye pipa lililofunikwa la kasiksi, yaani pombe ya ndizi: uchachushaji. Tofauti ni kwamba ndizi hutoa pombe, na nyuzinyuzi hutoa asidi fupi za mafuta. Zilizo nyingi ni tatu: asetati, propionati na butirati, na asetati peke yake ni zaidi ya nusu.

Ni mafuta kweli, ingawa huwezi kuyakaangia kitu. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Ile iliyo nyingi kwenye mawese, palmitiki, ina kaboni 16, wakati butirati ina 4 tu. Ufupi huo ndio unaozifanya ziyeyuke kwenye maji na kupenya haraka ukuta wa utumbo. Butirati haiendi mbali: seli za utumbo mpana huila palepale, na karibu asilimia 70 ya nguvu zao hutoka kwake. Propionati huchukuliwa zaidi na ini. Asetati huingia kwenye damu na kufika hadi kwenye misuli, na mwili unaweza kuiunganisha tena kuwa mafuta marefu zaidi.

Anayeona hili ni hadithi amtazame ng'ombe wa Masisi. Anakula majani, na majani yana mafuta kidogo sana. Bado maziwa yake yana mafuta ya kutosha kutengeneza ile jibini ya mviringo inayouzwa kote mjini. Yanatoka wapi? Bakteria wa tumbo lake kubwa huchachusha majani kuwa asetati na butirati, na kiwele huziunganisha kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa. Ng'ombe huishi hasa kwa asidi hizo. Binadamu hupata kwazo kama asilimia 10 tu ya nguvu anazohitaji. Kwa hiyo usitarajie kunenepa kwa pumba. Faida yake iko kwenye afya ya utumbo wenyewe.

Faida hiyo imepimwa, tena kwa kutumia chakula kinachofanana na chetu. Mwaka 2015, Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha jaribio lao la kubadilishana sahani. Wamarekani weusi 20 walilishwa kwa wiki mbili chakula cha kijijini Afrika Kusini, chenye mahindi na maharagi kwa wingi, na nyuzinyuzi zao zikapanda hadi takriban gramu 55 kwa siku. Wanakijiji 20 wa Afrika Kusini nao walipewa nyama na mafuta mengi ya Kimarekani. Wiki mbili tu! Butirati ya Wamarekani ikaongezeka zaidi ya mara mbili, na ya wanakijiji ikashuka kwa karibu nusu. Dalili zinazohusishwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana zilipungua kwa wale wa kwanza na kupanda kwa hawa wa pili. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Mimi naona Goma tuna bahati hapa, kwa sababu ya maharagi. Hata anayependa fufu nyeupe, au fufu ya muhogo ambayo haina pumba kabisa, sahani moja ya maharagi inamrudishia sehemu ya alichokikosa. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, nao ni mzuri ikiwa nafaka zimesagwa na maganda yake. Na fufu ya mahindi iliyolala ina siri yake: wanga ukipoa, sehemu yake hujifunga upya na kukataa kumeng'enywa, kwa hiyo hufika kwa bakteria kama nyuzinyuzi.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba nafaka inamaliza kila kitu. Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa waliacha kukua na ngozi ikawaharibika, hata walipopewa vyakula vingine. Kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza: linoleiki, ambayo ni zaidi ya nusu ya mafuta ya mahindi, na alfa-linoleniki, ambayo mahindi yanayo kidogo mno. Hii ya pili ni ya kundi la omega 3, na hata ukiila, mwili huigeuza kwa shida kuwa zile ndefu zinazohitajiwa na ubongo na macho. Hizo huzipati kwenye mashine ya kusaga. Utazipata kwa samaki, na sambaza wetu wa Ziwa Kivu, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanatosha kuanzia.

Anayetaka kuacha kukoboa aangalie mambo mawili. Mahindi yawe makavu kabisa, kwa sababu sumu ya ukungu hukaa zaidi kwenye ganda na kiinitete. Yaliyoshika ukungu usiyasage kwa namna yoyote. Tena aanze kidogo kidogo, la sivyo gesi itamwaibisha kwenye basi. Kuhusu kutunza, yale mafuta ya kiinitete huchacha yakikaa na unga huanza kuwa mchungu. Ndiyo maana wauzaji wa unga wa mfuko hupenda uliokobolewa, unaokaa miezi bila kubadilika harufu. Usiokobolewa, saga wa wiki mbili tatu tu.