"Huyu ni mwanangu": dhana potofu pale kibali cha ndugu kinapokataliwa Ulaya

"Huyu ni mwanangu, nimemlea mimi." Temeke hakuna atakayembishia mjomba anayesema hivyo kuhusu mpwa wake. Kwa Agizo 2004/38 la Umoja wa Ulaya, linalohusu raia wa umoja huo wanaohamia nchi nyingine mwanachama pamoja na familia zao, mpwa si mwana. Hata kafala, yaani kukabidhiwa malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, haisaidii: mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya, kwenye kesi ya mtoto wa Algeria, ilisema malezi hayo hayamfanyi awe mzao wa mlezi. Anaingia kundi la ndugu wengine, wanaomtegemea raia wa Ulaya au waliokuwa wakiishi naye nyumba moja huko walikotoka.

"Mjomba ana pasi ya Sweden, inatosha." Akiishi Stockholm, anafuata sheria za Sweden. Akihamia Dublin, ndipo agizo linamgusa.

"Wakikataa, basi." Nusu ni kweli, na ndiyo inayopotosha. Nchi hailazimiki kumpokea kila ndugu wa kundi hili. Lakini kesi ya Rahman ya 2012, kwenye mahakama hiyo hiyo ya Ulaya, inaitaka ichunguze kwa kina hali ya mwombaji na itoe sababu. Ile ya Banger ya 2018 inataka iwepo mahakama ya kuukagua uamuzi huo.

"Basi mjomba atume pesa nyingi sasa hivi." Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kinachotazamwa ni utegemezi uliokuwepo kule alikotoka, wakati anaomba kuungana na mjomba. Laki saba za wiki ya maombi hazizibi miaka mitatu isiyo na karatasi. Na mara nyingi pesa zilikuja kweli, ila kwa njia zetu: mjomba anampa rafiki, rafiki anarusha M-Pesa, bibi anapokea kwa simu yake, ada inalipwa. Kwenye taarifa ya miamala mjomba hayupo, mpwa hayupo. Kazi ni kuunga mnyororo huo kwa risiti za ada, kiapo cha bibi, barua ya serikali ya mtaa. Undugu nao hauthibitishwi na cheti cha kuzaliwa cha mpwa peke yake. Kinatakiwa cha mama yake na cha mjomba, vionyeshe mzazi mmoja. Cheti kikisema Salumu na pasi Saleh, anzia hapo.

"Rufaa ni kuomba huruma." Hapana, ni kujibu sababu iliyoandikwa kwenye barua ya kukataliwa. Barua hiyo hiyo inatakiwa itaje rufaa inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi. Nazo siku zinakwenda, huku bibi bado anatafuta laini yake ya zamani.